Kalibu Isiyo na Kiolezo: Usanifu wa Vyuma vya Kusubu na Maneno Yake katika Nchi ya Dhahabu ya Shinyanga na Geita

1. Maneno mawili

Neno kusubu si geni katika Kiswahili. Limo katika Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na maana yake ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu mpaka yagande kwa umbo linalotakiwa. Asili yake ni Kiarabu, nalo katika lugha hiyo hutumika kwa kumimina kitu chochote, hata maji. Kiswahili kililichukua kwa kazi moja tu, yaani kazi ya madini. Kalibu nalo ni neno la Kiarabu, na wataalamu wengi wa asili za maneno hulifuata nyuma mpaka Kiyunani, ambako lilikuwa jina la kile kigogo chenye umbo la mguu ambacho mshona viatu hushonea kiatu juu yake.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kigogo cha mshona viatu ni kitu kizima, mfano wa mguu wenyewe. Kalibu ya kusubia, kinyume chake, ni kitu chenye uvungu: pale palipo wazi ndipo chuma kitakapojaa, na pale palipojaa ndipo chuma kitakapokosekana. Neno hili basi limesafiri kutoka umbo mpaka kinyume cha umbo, na safari hiyo ndiyo safari ya kazi yote ya kusubu. Kwa maelfu ya miaka mafundi wameanza kwa kutengeneza mfano mzima wa kitu wanachokitaka, kisha wakaufunika mfano huo kwa mchanga au udongo, kisha wakautoa ili ubaki uvungu. Mfano huo kwa Kiswahili safi huitwa kiolezo, kutokana na kitenzi kuoleza, yaani kufananisha.

Tangu mwisho wa karne ya ishirini imepatikana njia ya kutengeneza kalibu ya mchanga bila ya kiolezo. Mashine huujenga uvungu moja kwa moja kutoka katika mchoro. Makala haya yanaeleza njia hiyo, na hasa namna inavyobadili kazi ya msanifu wa vyuma. Na kwa kuwa mahitaji ya vyuma hivyo ni makubwa mno katika migodi ya Shinyanga na Geita, mifano imechukuliwa huko. Mwishoni yanatazamwa maneno ya Kiswahili ambayo kazi hii inayahitaji.

2. Nchi inayokula vyuma

Mkanda wa dhahabu ulio kusini ya Ziwa Viktoria unapita katika mikoa ya Geita na Shinyanga. Wajerumani waliigundua dhahabu ya Geita mwaka 1898; mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966; na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Upande wa Kahama, Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na Buzwagi ulifanya kazi tangu mwaka 2009 mpaka ulipofungwa mwaka 2021. Pamoja na migodi hiyo wako wachimbaji wadogo wengi sana, huko Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na mahali pengine, wenye maduara yao na makarasha yao.

Neno karasha, lililotoka Kiingereza, lafaa kutajwa hapa. Kwa asili lilikuwa jina la mashine ya kuponda. Lakini katika machimbo ya Geita hutajwa vilevile kwa kile kinu cha chuma kinachozunguka, ambacho ndani yake gololi za chuma husaga mawe mpaka yawe unga. Kuponda na kusaga ni kazi mbili, na vyuma vyake huchakaa kwa namna mbili. Lakini neno limekuwa moja.

Dhahabu ya nchi hii aghalabu hukaa pamoja na lile jiwe jeupe gumu ambalo ni silika. Silika ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Basi kila kitu kinachoigusa huliwa: mabamba ya taya za mashine ya kupondea, mabamba ya ndani ya vinu, gololi, na zaidi ya vyote lile gurudumu lenye mapanga, liitwalo impela, linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma tope la mawe yaliyosagwa. Vyuma hivi karibu vyote ni vya kusubu. Vingine ni vya pua yenye manganisi, ambayo Robert Hadfield wa Sheffield aliigundua mwaka 1882, nayo huzidi ugumu kadiri inavyogongwa. Vingine ni vya chuma chenye kromu nyingi, kinachostahimili kukwaruzwa.

Mgodi mkubwa huweka akiba ya vyuma hivi ghalani. Mwenye karasha mmoja hawezi. Impela yake ikivunjika, kazi husimama, na watu waliokuwa wakiisubiri zamu yao ya kusaga huhama na viroba vyao. Naye hubaki na njia tatu: kuagiza nyingine kutoka mbali na kungoja, kumwita fundi achomelee mabamba juu ya ile iliyovunjika, au kutafuta mtu wa kumsubia mpya. Njia ya tatu ndiyo bora, lakini kwa kawaida imekuwa na mlango mwembamba, nao mlango huo ni kiolezo.

3. Kazi ya kiolezo

Ni vizuri kwanza kutofautisha kusubu na kufua. Warongo, wale wahunzi mashuhuri wa pande za Uzinza na Geita, waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo yaliyovuviwa kwa mivuo. Lakini chuma chao hakikutoka kama maji. Kilitoka kama bonge zito, nalo likafuliwa kwa nyundo mpaka likawa jembe. Jembe hilo lilikuwa kazi ya mkono na moto, si kazi ya kalibu. Chuma hakimiminiki mpaka kipate joto kubwa zaidi: chuma cha kusubu huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, na pua humiminwa karibu na nyuzi 1,600. Dhahabu huyeyuka mapema, kwa nyuzi 1,064, na kwa hiyo matofali ya dhahabu humiminwa katika kalibu za chuma bila ya taabu kubwa.

Kwa kalibu ya mchanga kazi huenda hivi. Seremala huchonga kiolezo cha mti. Kiolezo hupasuliwa nusu mbili, na kila nusu hulazwa katika fremu na kushindiliwa mchanga wenye udongo na maji kidogo. Nusu hizo hufunguliwa, kiolezo hutolewa, na uvungu hubaki. Ikiwa chombo kina nafasi ndani yake, hutengenezwa kipande cha mchanga mgumu kiitwacho kiini, ambacho hutiwa katikati ya uvungu ili chuma kikizunguke. Kisha kalibu hufungwa, na chuma humiminwa.

Kila mtu wa mijini amekwisha ona matunda ya njia hii, ijapokuwa hakuifikiri. Yale masufuria mazito ya aluminiamu, yaliyotokana na vyuma chakavu, husubiwa katika mchanga, na mara nyingi kiolezo chake ni sufuria nyingine. Lakini aluminiamu ikipoa hunywea kadiri ya sehemu 1.3 katika 100. Sufuria yenye upana wa milimita 300 ikifanywa kiolezo, mtoto wake atakuwa na milimita 296. Na mtoto huyo naye akifanywa kiolezo, mjukuu atakuwa na milimita 292. Kwa sufuria si neno. Mfuniko utatafutwa mwingine. Kwa impela inayotakiwa kuingia katika nyumba ya pampu ni hasara tupu.

Kwa sababu hiyo mchonga violezo hodari hakuufuata mchoro kama ulivyo. Aliongeza ukubwa kwa ajili ya mnyweo. Aliinamisha kila ubavu nyuzi moja au mbili, ili kiolezo kitoke bila ya kuubomoa mchanga. Aliacha nyama ya ziada pale ambapo chuma kitachongwa kwa mashine. Aliviringisha pembe za ndani. Mambo haya hayakuandikwa penginepo. Yalikaa katika mkono wake na katika rula yake maalumu, ambayo vipimo vyake vilikuwa vimekwisha refushwa. Mchoro ulikuwa wa mhandisi, lakini nusu ya usanifu ilikuwa ya seremala.

4. Kalibu iliyochapwa

Njia mpya ilibuniwa katika chuo cha MIT cha Marekani, ambako Emanuel Sachs na wenzake waliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 na kupata hataza yake mwaka 1993. Wazo lake ni jepesi kueleza. Mashine hutandaza tabaka la mchanga mkavu, unene wake kiasi cha theluthi moja ya milimita, katika sanduku kubwa. Mchanga huo umekwisha changanywa na asidi kidogo. Kisha kichwa chenye matundu madogo sana, kama kile cha mashine ya kuchapa karatasi, hupita juu yake na kudondosha resini mahali panapotakiwa tu. Resini ikikutana na asidi hugandisha chembe za mchanga. Sanduku hushuka kidogo, tabaka lingine hutandazwa, na kazi hurudiwa mara mamia. Mwisho wake sanduku huonekana limejaa mchanga mtupu. Lakini ndani yake mna kalibu, na mchanga usiogandishwa umeizunguka na kuijaza. Mchanga huo huru hufagiliwa na kunyonywa, na kalibu hutoka.

Kuiita kazi hii kuchapa si kosa. Chapa, neno la asili ya Kihindi, kwa Waswahili ni alama iachwayo na kitu juu ya kingine, iwe ni ya wino, iwe ni ya moto juu ya ng'ombe. Hapa mashine huchapa kurasa za mchanga, na kurasa zikigandamana huwa kitu.

Mashine za namna hii ziko Ulaya, Marekani na Asia. Na katika Afrika, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vaal, Afrika ya Kusini, kina mashine za Kijerumani za voxeljet zinazochapa kalibu za mchanga. Lakini jambo kubwa si mahali ilipo mashine. Mchoro husafiri kwa kompyuta kwa dakika moja. Jambo kubwa ni kwamba seremala hayupo tena kati ya mchoro na mchanga. Makosa aliyoyasahihisha kimya kimya sasa yatachapwa kama yalivyo.

5. Anachokipata msanifu

Faida ya kwanza ni uhuru wa umbo. Na ichukuliwe impela ya pampu ya tope yenye upana wa milimita 300. Ina sahani mbili, na kati yake mapanga matano yaliyopinda. Kwa kiolezo cha mti, nafasi zilizo kati ya mapanga haziwezi kutolewa kwa kuvuta juu, kwa maana kila pindo hushika mchanga. Mahali kama hapo panaweza kuitwa mkwamo. Fundi wa zamani alilazimika kutengeneza viini vitano, kila kimoja katika sanduku lake, na kuvipanga kwa gundi na subira. Kila kiini kikisogea nusu milimita, impela haina mizani, na ikizunguka kwa kasi hutikisa pampu mpaka ivunjike. Katika kalibu iliyochapwa viini vyote vitano huwa kipande kimoja, pamoja na vikalio vyake. Hakuna kupanga, kwa hiyo hakuna kusogea. Wala mwinamo wa ubavu hauhitajiki, kwa sababu hakuna kitu cha kuvutwa.

Faida ya pili haionekani katika chuma chenyewe, bali katika njia ambayo chuma hupita. John Campbell wa Chuo Kikuu cha Birmingham ameonyesha ya kuwa chuma kilichoyeyuka kikiingia katika uvungu kwa mwendo unaozidi nusu mita kwa sekunde, uso wake huvunjika, na ngozi ya oksidi iliyo juu yake hukunjwa ndani na kubaki kama ufa usioonekana. Kitu kikianguka kutoka kimo cha milimita 13 tu hufikia mwendo huo. Basi kila kalibu yenye kimo cha zaidi ya kidole imo hatarini, na dawa yake ni mfereji unaotengenezwa kwa hesabu: unaokuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, usio na nafasi ya hewa, unaogeuka polepole na kuingia kwa chini. Mifereji ya namna hiyo ni vigumu kuichonga kwa mti. Kwa kuchapa haina gharama zaidi ya ule ulionyoka.

Ndivyo ilivyo kwa visima vya akiba. Chuma kinywacho hutaka chuma kingine cha kujaza pengo lake, na kisima cha akiba hicho lazima kigande mwisho wa vyote. Umbo linalopoa polepole kuliko yote ni mviringo kamili kama chungwa, kwa sababu ngozi yake ni ndogo ukiilinganisha na nyama yake. Mafundi wamelijua hilo siku nyingi, lakini walitumia umbo la mche kwa kuwa lilitoka mchangani kwa urahisi. Msanifu wa kalibu iliyochapwa anaweza kuweka chungwa lake popote panapotakiwa.

Faida ya tatu ni wepesi wa kubadili. Kiolezo kikisha chongwa, kila badiliko ni kazi mpya ya seremala. Mchoro hubadilishwa kwa saa moja, na kalibu ya leo inaweza kuwa tofauti na ya jana bila ya kuongeza gharama. Umuhimu wa jambo hili utaonekana mbele.

6. Yasiyobadilika

Iko hatari ya kudhani kwamba kwa kuwa mchanga sasa unatii kila umbo, chuma nacho kitatii. La, chuma hufuata sheria zake zile zile.

Mnyweo hauondoki. Chuma cha kusubu cha kijivu hunywea kadiri ya sehemu moja katika 100, na pua kadiri ya sehemu mbili. Ile impela ya milimita 300 itahitaji uvungu wa milimita 303 kwa chuma cha kijivu, na 306 kwa pua. Msanifu asipoambiwa ni chuma gani kitakachomiminwa, hawezi kuchora kalibu.

Unene usiolingana ungali adui. Mahali ambapo kuta mbili nene zinakutana hukaa na moto baada ya sehemu nyingine kuganda, na hapo huzaliwa shimo la mnyweo. Pembe kali ya ndani ingali mwanzo wa ufa. Kwa hiyo kuta ziendelee kulingana, na pembe ziviringishwe, hata kama mashine inaweza kuchapa pembe kali kama wembe.

Pumzi nazo huzidi. Resini ikiguswa na chuma cha moto huungua na kutoa hewa nyingi. Hewa isipopata njia ya kutoka katika mchanga hutoka kwa kupita ndani ya chuma na kuacha matundu. Viini vitano vilivyounganishwa kuwa kimoja vinataka vipumulio vilivyochorwa mapema, tangu moyoni mwa kiini mpaka nje ya kalibu. Tena silika yenyewe hutanuka ghafula inapofika nyuzi 573, na kalibu yaweza kupasuka nyufa ndogo ambazo chuma kitazijaza kama mishipa. Pale penye joto kali hutumiwa mchanga wa kromaiti badala ya silika.

Liko jambo moja ambalo jina lake halikubadilika lakini sababu yake imegeuka, nalo ni mpasuo wa kalibu. Zamani kalibu ilipasuliwa ili kiolezo kitoke. Sasa hakuna kiolezo, na mtu aweza kudhani kalibu ichapwe kama jiwe moja. Lakini mchanga huru uliobaki katika vichochoro lazima utolewe, na jicho lazima lione ya kuwa umetoka. Usipotolewa utachukuliwa na chuma na kuganda ndani yake. Kalibu basi hupasuliwa bado, si kwa ajili ya kiolezo, bali kwa ajili ya ufagio na taa.

Na herufi pia. Nambari itakayosomeka juu ya chuma hukaa kinyume katika kalibu, kama usoni mwa muhuri. Mchonga mti aliichonga sawa juu ya kiolezo, na mchanga ukaigeuza. Programu ya kompyuta, inapoliondoa umbo la chombo kutoka katika bonge la mchanga, huigeuza vivyo hivyo yenyewe. Anayeigeuza kwa mkono kwa kudhani anasaidia atapata nambari isiyosomeka ila kwa kioo.

Mwisho, kuchapa si kwa kila kazi. Gololi na mabamba mepesi yatakiwayo kwa maelfu ni rahisi zaidi kwa kiolezo au kwa kalibu za kudumu. Kalibu iliyochapwa hufaa kwa vipande vichache vyenye umbo gumu. Na mara nyingi busara ni kuchapa kiini peke yake, na kuacha kalibu ya nje ishindiliwe kwa mchanga wa kawaida. Vumbi la silika linalotoka kalibu zinapovunjwa ni lile lile linaloharibu mapafu ya wachimbaji, nalo lataka tahadhari ile ile.

7. Kipimo cha kitu kilicholiwa

Kwa mtu wa Kahama au Geita, shida ya kwanza si mashine wala resini. Ni kwamba mchoro hana. Anacho kile kipande kilichovunjika tu, naye hukipeleka kwa fundi akisema: nisubie kama hiki.

Lakini kipande hicho si kile kilichotoka kiwandani. Panga lililokuwa na unene wa milimita 12 limebaki na 5. Mdomo wake umeliwa upande mmoja. Tundu la katikati limepanuka. Kikipimwa kwa uaminifu kamili, hata kwa vyombo vya mwanga vinavyosoma uso wote, mchoro utakuwa wa impela iliyochakaa, na mashine itachapa kalibu ya impela iliyochakaa. Uaminifu wa kipimo hapa ni upotofu wa maana. Ni hadithi ile ile ya sufuria na mjukuu wake, ila huku mnyweo umeongezewa ulaji.

Msanifu basi lazima arudishe nyuma kile kilicholiwa. Atatafuta pale ambapo tope halikufika, kama upande wa nyuma wa kitovu, apate unene wa asili. Atalinganisha mapanga matano na kuchukua lililosalimika zaidi. Atapima nyumba ya pampu, si impela pekee. Na zaidi ya yote, atauliza. Mwendesha pampu ndiye ajuaye kama ncha huliwa kabla ya mzizi, kama kuliwa kulianza baada ya wiki moja au miezi mitatu, kama tope lilikuwa zito la karasha au jepesi la marudio. Habari hizi hazimo katika kipande. Zimo katika mdomo wa mtu.

Hapa ndipo faida ya tatu iliyotajwa juu inapopata uzito wake. Kwa kuwa kubadili mchoro hakugharimu kiolezo kipya, hakuna sababu ya kurudisha impela ya kiwandani kama ilivyokuwa. Ikiwa tope la Nyarugusu hula ncha ya panga upande wa nyuma, milimita nne zaweza kuongezwa pale pale, na mahali pengine pasiguswe, mradi mapanga yote matano yaongezwe sawasawa ili mizani isipotee. Chuma kinaweza kusanifiwa kwa tope la mahali pake. Jambo hili halikuwezekana kwa impela iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu zote za dunia.

8. Maneno ya kufanyia kazi

Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za wenyeji. Sheria hufungua mlango. Lakini anayeingia lazima aweze kueleza anachotaka na kuelewa anachoulizwa. Mazungumzo ya mwendesha pampu na msanifu hufanywa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha machimboni, ambacho kina utajiri mkubwa wa maneno ya duara, mwalo, marudio na kuchenjua, lakini kwa vyuma hutegemea neno moja la karasha na neno jingine la kalibu. Fundi akisema kalibu, na mmoja akaelewa umbo, mwingine akaelewa uvungu, makosa yamekwisha anza kabla mchanga haujatandazwa.

Maneno yafuatayo mengi yake yamo katika lugha tangu zamani, na kilichofanywa hapa ni kuyapa mipaka:

Kiolezo: kitu kizima chenye umbo la chombo kinachotakiwa, kinachozikwa mchangani na kutolewa.
Kalibu: bonge la mchanga lenye uvungu. Neno hili lisitumiwe kwa kiolezo.
Uvungu: nafasi ambayo chuma kitaijaza.
Kiini: kipande cha mchanga kinachozuia chuma kisijae katikati.
Mpasuo: mahali kalibu inapofunguka.
Mwinamo: kulegezwa kwa ubavu wa kiolezo ili kitoke.
Mkwamo: umbo linalozuia kiolezo kisitoke.
Mnyweo: kupungua kwa chuma kinapopoa.
Mfereji na mlango: njia ya kumiminia, na mahali inapoingia katika uvungu.
Kisima cha akiba: nafasi ya chuma cha kujaza pengo la mnyweo.
Kipumulio: njia ya hewa kutoka katika kalibu au kiini.
Nyama ya kuchonga: unene wa ziada utakaoondolewa kwa mashine.
Ulaji: unene uliopotea kwa kazi, ambao lazima urudishwe katika mchoro.

Neno la mwisho ndilo jipya kuliko yote, na ndilo ambalo vitabu vya usubaji wa nchi nyingine havikulihitaji sana, kwa kuwa huko mchoro wa asili huwako. Katika nchi ya dhahabu huanza kazi yote. Orodha yaweza kusahihishwa na wenye makarasha, mafundi wa kuchomelea na wasubu wa masufuria, ambao kila siku hutumia maneno yasiyofika katika kamusi. Na pale watakapokuwa na neno lao lililo bora, hilo ndilo lishikwe.

Seremala wa violezo alipokuwapo, mengi ya haya yaliweza kubaki bila ya kusemwa, maana mkono wake uliyajua. Kalibu iliyochapwa haina mkono huo. Unene, mwelekeo na ulaji usiotajwa kwa mdomo hautakuwamo katika mchoro, na usiokuwamo katika mchoro hautakuwamo katika chuma. Nayo hasara yake itamwangukia mwenye karasha, ambaye atakuwa amelipa na kungoja, na bado pampu yake imesimama.